Shajara ya mradi: gazeti la karatasi moja kuhusu waandishi wa London wa karne ya 18

18 Januari 2025: wazo na hela

Nitakuwa naandika humu kila hatua ikiisha ili mwenye kutaka kuiga kwao asianzie sifuri. Kitu chenyewe ni gazeti la karatasi moja ya A4, pande zote mbili, linatoka kila baada ya wiki mbili, linabandikwa kijiwe cha kahawa hapa mtaani kwetu Tanga na pdf inarushwa kwenye grupu la wasap la madogo wa form five na six wanaosoma fasihi ya Kiingereza. Mada ni moja tu mwaka mzima, waandishi wa Uingereza wa karne ya 18, wale wanaoitwa wa niyoklasiki, kina Addison, Steele, Pope, Swift na Johnson. Madogo wanakariri sifa zao kwa ajili ya mtihani, mantiki, mpangilio, adabu, kuiga Warumi na Wagiriki, tashtiti (kukosoa kwa dhihaka), halafu ukiwauliza hizo sifa zilitoka wapi na zilimsaidia nani, kimya.

Kwanini karatasi na sio video? Kwa sababu wenyewe walifanya hivyohivyo. The Spectator ya Addison na Steele ilianza London tarehe 1 Machi 1711, karatasi moja tu, safu mbili kila upande, juu kuna mstari wa Kilatini au Kigiriki, chini matangazo ya biashara, bei peni moja, ikawa inatoka kila siku isipokuwa Jumapili mpaka 6 Desemba 1712 ilipofika namba 555. Kwenye namba 10 Addison anadai zinatoka nakala 3,000 kwa siku na anakadiria kila moja inasomwa na watu 20. Ni hesabu ya mwenye duka hiyo, ila sio ya ajabu, maana gazeti lilikuwa linakaa kwenye nyumba ya kahawa, mtu anaagiza kikombe, anasoma, anabishana, anamuachia mwenzake. Na kahawa yao enzi hizo ilikuwa inatoka Mokha, Yemen, kwa hiyo kijiwe chetu kimekosa wigi tu.

Hela: kuprinti karatasi mama 500 kila upande, kopi 100 kila upande, nakala 20, jumla 5,000 kwa toleo. Maandiko yote ni ya zamani, hayana hakimiliki tena, yapo bure mtandaoni. Mwenye kijiwe amekubali kutoa 2,000 kila toleo kwa sharti kashata zake zitangazwe chini ya ukurasa, jambo ambalo hata Addison asingekataa.

1 Machi: toleo la kwanza limebuma

Tarehe nimeichagua makusudi. Lakini nilichobandika ni sifa za niyoklasiki moja mpaka nane na maelezo mafupi kila moja. Mzee mmoja akavaa miwani, akasoma mpaka nusu, akaniambia "Mwanangu, hii ni ratiba ya mtihani." Akarudi kwenye bao. Kwenye grupu nako wameforwadi bila kusoma, nimejua kwa sababu kulikuwa na kosa la tarehe kubwa kabisa na hakuna aliyeliona mpaka jioni.

Shida sio wasomaji. Orodha inakupa majibu kabla hujaona swali. Kwa hiyo nimefuta yote na kuanza na damu: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1642, mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa hadharani 1649, ufalme ukarudi 1660, na 1688 mfalme mwingine tena akakimbia nchi. Swift kazaliwa 1667, Addison na Steele wote 1672, yaani wamekulia kwenye nyumba ambazo babu na baba waliwahi kuwa upande mmoja au mwingine wa ile vita. Watu wa namna hiyo wanamuogopa mwenye jazba kuliko mjinga. Ukishalijua hilo, mantiki yao inaacha kuwa ubaridi, inakuwa mapatano ya watu waliochoka kuuana: tuongee kwa utaratibu, tutaniane kwa adabu, na tuwe na hakimu ambaye hayuko upande wa yeyote. Hakimu wakamchagua Horace na Virgil, washairi wa Roma ya kale, kwa sababu wamekufa zamani na hawana chama.

Hapo ndipo Pope anaingia vizuri na kile kitabu chake cha kuhakiki wahakiki, Essay on Criticism, kilichotoka mwaka huohuo 1711 akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Anasema sheria za wakale hazikutungwa na mtu, ziligunduliwa tu, ni maumbile yenyewe yaliyopangwa. Madogo wanadhani kufuata maumbile ni kuandika kuhusu miti na ndege. Sio. Kwa Pope maumbile ni vile mambo yalivyo na binadamu alivyo, kila mahali, kila zama.

Utaratibu mpya: kila toleo sifa moja, na toleo lenyewe liandikwe kwa sifa hiyo badala ya kuielezea.

29 Machi: kinyago, na karatasi iliyochanwa

Hii hatua imekula muda kuliko zote mpaka sasa.

The Spectator haiandikwi na Addison wala Steele kwa majina yao, inaandikwa na bwana mmoja wa kubuni ambaye haongei, anazunguka mji mzima anaangalia. Ana klabu yake: Sir Roger de Coverley mwenye mashamba, Sir Andrew Freeport mfanyabiashara, kapteni, mwanasheria, kasisi, na mzee mmoja anayejiona bado kijana. Sir Roger na Sir Andrew kisiasa hawaivi chungu kimoja, ila wanakaa meza moja, na hiyo meza ndiyo hoja yote ya gazeti.

Na mimi nikatengeneza Bwana Kimya, anakaa pembeni kijiweni. Toleo likamchora mtu anayesoma vichwa vya habari tu halafu anabisha saa nzima kwa sauti, nikampamba, ana baiskeli ya bluu, anakunywa kahawa kwa mkopo, anaanza kila sentensi na "mimi nimesoma". Asubuhi watu wamecheka kweli. Kabla ya adhuhuri karatasi imechanwa, maana mwenye baiskeli ya bluu yupo na amefika. Mwenye kijiwe akaniita pembeni taratibu, "Mdogo wangu, hapa watu wanakuja kunywa kahawa, hawaji kusomwa."

Dawa ilikuwa kwenye The Spectator namba 34. Pale wanaklabu wanamlalamikia bwana mwandishi kwamba amewagusa watu wao, kila mmoja anataka kundi lake liachwe, na mwisho yeye anaahidi hatamchora mtu mwenye kasoro ambayo haiwaenei angalau watu elfu moja. Hiyo ndiyo kanuni ya tashtiti yao ya adabu, na inafanya kazi kiufundi, sio maadili tu. Nimeondoa baiskeli na mkopo, nimechanganya tabia za watu tofauti, nimeongeza moja ya kwangu mwenyewe, nimeprinti upya. Safari hii kila msomaji alikuwa anacheka huku anamnyooshea kidole mwenzake. Anayetaka kuiga mradi huu achukue hili kabla ya mengine yote: ukimaliza kumchora mhusika, futa kila kitu kinachoonekana kwa macho na acha kinachoonekana kwa tabia.

Ila nisiwadanganye madogo kwamba wote waliishika kanuni hiyo. Pope aliivunja bila aibu. Lewis Theobald alitoa kitabu mwaka 1726 kuonyesha makosa ya Pope kwenye kuhariri Shakespeare, na Theobald alikuwa sahihi sehemu kubwa, Pope akamjibu 1728 kwa kumfanya mfalme wa wapumbavu kwenye shairi lake la The Dunciad, kisha 1743 akamng'oa kwenye kiti na kumkalisha Colley Cibber, malenga rasmi wa mfalme. Hata Addison alichorwa na Pope kwa jina la Atticus, mtu anayesifia kwa namna ya kuua. Kwa hiyo kwenye mtihani ukiandika "walipendelea ya jumla kuliko ya mtu binafsi", ongeza kwamba wino wa visasi nao ulikuwepo.

26 Aprili: beti za mistari miwili

Kazi ya kawaida imeenda chapu, sasa naruka mpaka palipokwama.

Pope na wenzake waliandika beti za mistari miwili yenye kina kimoja, kila mstari silabi kumi. Nikataka toleo zima liwe la mashairi ya Kiswahili kwa kipimo hichohicho, mizani kumi. Haikukubali. Mizani kumi kwa Kiswahili unapata maneno matatu au manne umeshafika mwisho, wakati Pope kwenye silabi kumi anaweka mpaka maneno tisa au hata kumi, anagawa mstari katikati, upande huu kitu na upande ule kinyume chake. Mashairi yangu yalikuwa na kina na mizani sawasawa na yalikuwa yamekufa.

Nikaacha kuhesabu, nikajiuliza mstari wake unafanya nini. Unapima. Ule wake kwamba kukosea ni ubinadamu na kusamehe ni uungu, uzuri wake uko kwenye kile kituo cha katikati. Na sisi kituo cha katikati tunacho tayari, vipande viwili vya mizani nane nane, ukwapi na utao, babu zetu wamekichosha kwa kukitumia. Nikahamia huko na siku hiyohiyo ikatoka hii, kuhusu wahakiki, mada ya Pope mwenyewe:

*Asomaye kwa haraka hutoa hukumu kumi,*
*Asomaye kwa kituo huuma kwanza ulimi.*

Wazee wa kijiwe hawakuhitaji maelezo yoyote. Mmoja aliisoma mara moja akaanza kuikosoa vina vya kati, kwamba raka na tuo havijapatana na mimi nimekwepa kazi, na hapo nikaona mtu wa niyoklasiki aliye hai. Ugomvi wetu wa miaka ya sabini na kuendelea kuhusu mashairi huru na mashairi yenye mizani ungeeleweka vizuri sana pale Button's, nyumba ya kahawa ya kundi la Addison.

7 Juni: utenzi wa remoti

Sifa ya leo ni kitu kidogo kusimuliwa kwa ukubwa wa vita. Mfano wao mkuu ni The Rape of the Lock: Lord Petre alikata msokoto wa nywele za binti Arabella Fermor bila ruhusa, familia mbili zikanuniana, rafiki yao John Caryll akamuomba Pope aandike kitu cha kuwachekesha wapatane. Toleo la 1712 lilikuwa na sehemu mbili, la 1714 tano, ndani mna majeshi ya vijini vya hewani, karata zinapigwa kama vita ya Troya na kahawa inamiminwa kama sadaka.

Mimi nikachukua ugomvi wa remoti ya tivi siku ya mechi. Rasimu ya kwanza nilianza kama tenzi za vita zinavyoanza, kwa kumtukuza Mungu na kuomba wino na karatasi. Rafiki aliyenisaidia kusoma akaishika hapohapo, akasema hii usibandike. Yuko sahihi na sababu yake ni ya kitaaluma kabisa: Pope anaanza kwa kumuita mungu wa kike wa mashairi wa Wagiriki, mungu ambaye London nzima hakuna anayemsalia, kwa hiyo kumtania hakuna anayeumia. Alikuwa Mkatoliki kwenye nchi ya Waprotestanti na mzaha wake haukuwa wa ovyo, alijua nini kichezewe na nini kisiguswe. Adabu ya niyoklasiki ni kujua kila jambo na vazi lake, na vichekesho vyake vyote vinatokana na kulivalisha jambo vazi lisilo lake, sasa vazi la ibada sio la kuazima.

Nimetoa dua, nimebakiza silaha:

*Akainua remoti, upanga wa betri mbili,*
*Majeshi ya Simba, Yanga, yakasimama kwa mbali.*

Limependwa kuliko yote. Nakala zote zimeibiwa, na hii naihesabu faida.

19 Julai: Swift, au pendekezo lililokubaliwa

Swift mwaka 1729 aliandika kijitabu kinachopendekeza watoto wa maskini wa Ireland wauzwe kama kitoweo. Hapigi kelele. Anaongea kama mtaalamu wa mipango, watoto 120,000, elfu ishirini wabakizwe kwa uzazi, laki moja wauzwe wakifika mwaka mmoja, anataja bei, anataja mapishi. Ukatili ni wa wenye nchi na wenye mashamba, yeye anawaazima tu lugha yao ya hesabu.

Nikajaribu kwa sauti hiyo: pendekezo la kufuta vitabu vyote vya fasihi mashuleni, wanafunzi wauziwe majibu ya mitihani iliyopita tu, na nikaweka hesabu za kuokoa karatasi na macho. Matokeo: dogo mmoja akauliza bei. Mzazi mmoja akaandika kwenye grupu kwamba hatimaye kuna mtu mwenye akili. Mwalimu wa shule moja, simtaji, akauliza kama linaweza kuanza muhula ujao, na mpaka leo sina hakika kama na yeye alikuwa ananijibu kwa kejeli.

Kejeli ikikubaliwa na watu imekufa. Nikarudi kwa Swift kuangalia yeye anaweka wapi ufunguo, na uko karibu na mwisho: anasema asije mtu akamwambia habari za njia nyingine, halafu anazitaja moja moja, kuwatoza kodi wenye ardhi wanaoishi Uingereza, kutumia bidhaa za nyumbani, kuwafundisha wenye nyumba huruma kidogo kwa wapangaji. Yaani mapendekezo yake ya kweli ameyaandika yote, kwa kuyakataa. Na pendekezo lenyewe lazima liwe kubwa kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu anayelitaka. Langu lilikuwa dogo mno, watu wanaliishi tayari. Toleo la marekebisho linapendekeza wanafunzi wang'olewe macho wakimaliza kukariri, kwa kuwa hawatayahitaji tena, na aya ya mwisho inakataza mtu yeyote kuniletea habari za maktaba, za walimu wa kutosha na za kusoma kitabu mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza bei.

30 Agosti: bei imepanda, na barua za kwenye kopo

Steshenari wamepandisha kopi kutoka 100 mpaka 150. Mwaka 1712 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya stempu kwenye magazeti kuanzia Agosti, The Spectator ikalazimika kuuzwa peni mbili badala ya moja, na magazeti mengi madogo yakafa. Sisi tumepunguza nakala kutoka 20 mpaka 12, kopi sasa ni 3,600, na tunategemea ile hesabu ya Addison ya wasomaji ishirini kwa karatasi.

Barua: pale Button's mwaka 1713, kwa ajili ya gazeti lililofuata la The Guardian, kuliwekwa kichwa cha simba, watu wanatumbukiza barua mdomoni. Sisi tumeweka kopo la maziwa ya unga. Swali lililorudi kuliko mengine yote linahusu Mwafrika, alikuwa wapi kwenye hiyo mantiki na adabu.

Swali hilo nimeliandikia toleo zima na sikulipunguza makali. The Spectator namba 11, ya Machi 1711, Steele anasimulia Mwingereza Inkle aliyeokolewa na binti wa asili ya Amerika anayeitwa Yarico, akamuahidi maisha, walipofika Barbados akamuuza utumwani, na binti aliposema ana mimba yake, akapandisha bei. Msimuliaji analia. Steele huyohuyo alirithi shamba Barbados kupitia mke wake wa kwanza. Kahawa ilikuwa inanywewa na sukari, na sukari ilikuwa na mahali ilipotoka.

Upande wa pili wa karatasi nimempa Phillis Wheatley. Alikamatwa Afrika Magharibi, akashushwa Boston 1761 akiwa mtoto wa miaka saba au nane, jina Phillis ni la meli iliyomleta. Mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kikatoka London, kwa sehemu kubwa beti zilezile za Pope, mistari miwili miwili, na ndani kuna tamko la wakubwa wa Boston kuthibitisha kwamba kweli ameandika yeye, kwa sababu watu wasingeamini. Maoni yangu: kama sheria za sanaa ni za binadamu wote kama Pope alivyosema, basi Wheatley aliwashika kwa neno lao, na ndio maana walihitaji mashahidi. Kijiweni hapo pamewaka mpaka saa mbili usiku, nusu wanasema aliiga tu, nusu wanasema wote waliiga, Pope mwenyewe aliiga Horace na hakuna aliyemuitia shahidi.

11 Oktoba: Johnson na hali ya mradi

Johnson nilimuogopa kwa urefu wa sentensi zake. Nimembana kwenye mambo mawili. La kwanza, wahakiki wengi wa zama hizo walidai tamthilia ikae ndani ya siku moja na mahali pamoja, ila Johnson, ambaye kila mtu anamuona mzee wa sheria, kwenye utangulizi wake wa Shakespeare wa 1765 anasema mtazamaji anajua muda wote kwamba jukwaa ni jukwaa, aliyeweza kukubali yuko Misri kwenye onyesho la kwanza anaweza kukubali yuko Roma kwenye la pili. Kwenye grupu wamelalamika kwamba notsi zao zinasema tofauti. Nimewaambia waandike yote mawili.

La pili, riwaya yake ya Rasselas ya 1759, inahusu mwana wa mfalme wa Abisinia, yaani Ethiopia, humo mwalimu Imlac anasema mshairi hahesabu mistari kwenye ua, anaangalia aina yote. Johnson hakuwahi kufika Ethiopia. Alichokuwa nacho ni kitabu cha padri Mreno Lobo alichokitafsiri 1735, na Lobo huyo alipita pwani ya Malindi akitafuta njia ya kwenda huko. Mzee wa vina vya kati amechukua nakala mbili kwa sababu ya Malindi.

Hesabu mpaka leo, pamoja na ile karatasi iliyochanwa na ya Swift iliyoprintiwa upya, ni kama 90,000 ukiacha bando, na matangazo ya kashata yamerudisha karibu 34,000. Toleo lijalo ni Eliza Haywood, aliyetukanwa na Pope kwenye The Dunciad na baadae akatoa gazeti lake la The Female Spectator, 1744 mpaka 1746. Litaandikwa na binti mmoja wa form six, mimi nakagua tarehe tu. Ameshaomba karatasi ibandikwe pia saluni ya jirani, kwa hiyo bajeti inarudi nakala 20 na mwenye saluni anadaiwa 2,000 ya tangazo.